Baba mdogo ameniuliza kuhusu uyoga

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ya kila siku ni kuchanganya dripu za wagonjwa wa saratani. Navaa joho, glovu mbili kila mkono, naingiza mikono kwenye kabati la kioo linalonyonya hewa, kisha navuta dawa kutoka kwenye vichupa kwa sindano. Dawa kadhaa ninazozishika hivyo kwa ajili ya saratani ya mapafu zina asili ya porini. Paklitakseli ilitolewa kwenye gome la mti uitwao Taxus brevifolia. Vinorelbini imetokana na ua dogo la rangi ya waridi ambalo watu hulipanda kama pambo. Etoposidi ina ukoo na mmea wa Podophyllum, na topotekani na mti wa Camptotheca wa China. Kwa hiyo mtu akinijia na kuniuliza kama uyoga unaweza kuwa na dawa ya saratani, simcheki. Ningemcheka, ningekuwa nacheka rafu yangu mwenyewe ya dawa.

Safari hii aliyeuliza ni baba mdogo. Ana saratani ya mapafu, ile aina ya seli zisizo ndogo ambayo ndiyo inayowapata wagonjwa wengi, takriban 85 kati ya kila 100. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshatoka kwenye pafu. Yuko kwenye kemo, na kwa kuwa damu iligandia kwenye mshipa wa mguu, anatumia pia dawa ya kuzuia damu isigande. Binamu yangu, mwanawe wa mwisho, alimletea chupa ya kapsuli yenye picha ya uyoga wa aina tano. Baba mdogo alifundisha hesabu maisha yake yote ya kazi na hamezi kitu kabla ya kukihoji.

“Mwanangu, hii inafanya kazi au haifanyi?”

Nikamwambia, “Baba mdogo, swali hilo halijibiki hivyo. Uliza: uyoga upi, kitu gani ndani yake, kinaingiaje mwilini, na kimepimwa kwa nani.”

Akavuta daftari. Haya ninayoandika hapa ni yale tuliyozungumza, pamoja na niliyoyasoma upya usiku ule baada ya kurudi nyumbani.

Ukitaka kuielewa habari hii, anza na Japani. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake wa taasisi ya utafiti ya Kituo cha Taifa cha Saratani, Tokyo, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba wametoa kwenye uyoga wa shiitake kitu kilichofanya uvimbe wa panya unywee karibu kuisha. Kikaitwa lentinani. Kikemia ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoungana kwa namna fulani, wenye matawi mafupi mafupi. Jamii hii ndiyo inayoitwa beta-glukani. Hadi hapo ni hadithi nzuri ya dawa mpya.

Kilichonivutia mimi ni kilichofuata. Lentinani haikuwa inaua seli za saratani kwa mkono wake. Na panya walioondolewa thaimasi, tezi iliyo kifuani ambamo chembe za kinga ziitwazo seli T hukomaa, walipopewa lentinani ileile, uvimbe wao uliendelea kukua kama kawaida. Maana yake kazi yote ilikuwa inafanywa na kinga ya mwili. Lentinani ilikuwa inamgongea mlinzi dirishani aamke. Mwizi alikamatwa na mlinzi, si na aliyegonga. Na panya asiye na mlinzi, unamgongea nani?

Ilichukua miaka mingi kujua mlango unaogongwa ni upi. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon wa Oxford walionyesha kwamba baadhi ya chembe nyeupe za damu zina kipokezi kinachoitwa Dectin-1, na kipokezi hicho hushika beta-glukani. Ukifikiri kidogo inaleta maana kabisa. Kuta za seli za fangasi zimejengwa kwa beta-glukani, na sisi binadamu hatuitengenezi. Chembe ya kinga ikiigusa, inajua fangasi ameingia, na inaanza kutoa ishara za hatari. Hakuna siri ya kale hapo wala nguvu za ajabu: mwili unadhani umevamiwa.

Japani waliiruhusu lentinani kama dawa mwaka 1985. Iliruhusiwa kwa saratani ya tumbo, pamoja na kemo, na inaingia kwa dripu. Naomba msomaji azingatie maneno hayo mawili, tumbo na dripu, kwa sababu ndiyo yanayopotea njiani habari ikisafiri hadi kwenye lebo ya chupa.

Kwa mapafu, waliojaribu sana ni Wachina. Mwaka 2018 yalichapishwa mapitio ya miaka 12 ya tafiti zao za lentinani kwa saratani ya mapafu. Walikusanya majaribio 38 yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, jumla ya wagonjwa 3,117. Waliopata kemo peke yake, uvimbe uliitikia kwa asilimia 43.3; waliopata kemo na lentinani, asilimia 56.9.

Baba mdogo alisimamisha kalamu. “Asilimia 56.9 walipona?”

Hapana. Kuitikia maana yake uvimbe ulipungua kwa kiwango kilichokubaliwa, kwenye picha, kwa muda fulani. Mgonjwa anaweza kuitikia vizuri sana na ugonjwa ukarudi baada ya miezi michache. Kitu anachokitaka mgonjwa, yaani muda wa kuishi na namna ya kuishi, ni kipimo kingine, na ni kigumu zaidi kukipata. Halafu majaribio mengi ya aina hiyo ni madogo, na mara nyingi mgonjwa na daktari wote wanajua nani anapewa nini. Mimi nazisoma namba hizo kama sababu nzuri ya kufanya jaribio moja kubwa na safi. Hazinitoshi kumwambia baba mdogo aongeze kitu kwenye matibabu yake. Na hata zingenitosha, zinazungumzia dripu. Beta-glukani ni molekuli kubwa mno, na haitembei kutoka tumboni kwenda kwenye damu kama paracetamol.

Kuna uyoga mmoja, hata hivyo, ambao dawa yake inamezwa, na huo ndio tuliouzungumzia kwa muda mrefu zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Trametes versicolor. Unaota kwenye magogo yaliyokufa, mwembamba, umejipanga matabaka, una miviringo ya kahawia, kijivu na rangi ya malai. Ni mgumu kama ngozi ya kiatu, hakuna anayeutafuna. Wajapani walitoa humo kitu kilichoitwa PSK, beta-glukani iliyoungana na protini, wakairuhusu kama dawa mwaka 1977 kwa jina la Krestin. Ikawa miongoni mwa dawa za saratani zilizouzwa sana nchini humo. Wachina nao wakatoa ndugu yake, PSP.

Jaribio la PSP kwa saratani ya mapafu lililofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2003 na Kenneth Tsang na wenzake ndilo ninalolipenda kuliko yote katika mada hii. Silipendi kwa sababu matokeo yake ni makubwa. Nalipenda kwa sababu linasomeka lote, hadi mwisho, na kila kitu kiko wazi. Wagonjwa walikuwa na saratani ya mapafu iliyofika mbali na walishamaliza matibabu ya kawaida. 34 walipewa PSP, 34 wakapewa kapsuli tupu zinazofanana, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata ipi. Walizimeza kwa siku 28.

Mwisho wa siku hizo, kundi la PSP lilikuwa limepandisha idadi ya chembe nyeupe za damu, kingamwili za IgG na IgM, na hata mafuta ya mwili, jambo ambalo kwa mgonjwa anayekonda si dogo. Kundi la pili halikupata mabadiliko hayo. Dalili zenyewe za ugonjwa, yaani kikohozi, pumzi na maumivu, hazikupungua kwa walioimeza. Lakini waliolazimika kuondoka kwenye jaribio kwa sababu saratani imesonga mbele walikuwa asilimia 5.9 upande wa PSP, na asilimia 23.5 upande wa pili.

Nilipomsomea asilimia hizo, baba mdogo hakuzishangilia. Alizigeuza.

“5.9 ya 34 ni watu wawili,” akasema. “23.5 ni wanane.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo tofauti yote hii ni watu sita.”

“Ndiyo, baba mdogo.”

“Na siku 28. Siku ya 60 ilikuwaje?”

Jaribio liliishia siku ya 28. Akatikisa kichwa, akaandika “6” kwenye daftari na kuizungushia duara. Nimekaa kwenye mikutano ya watu wenye digrii tatu ambako hakuna aliyeuliza vizuri namna hiyo.

Watafiti wengine walikusanya mwaka 2015 tafiti 28 za uyoga huohuo na saratani ya mapafu, zikiwemo za maabara. Majaribio sita yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu yalionyesha nafuu kwenye kinga, uzito, uchovu na hamu ya kula. Faida ya kuishi muda mrefu zaidi ilionekana hasa kwenye zile tafiti ambazo wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na hizo ndizo rahisi kudanganya, kwa sababu mara nyingi mgonjwa mwenye nguvu ndiye anayeamua kuongeza dawa ya pili. Picha inayojitokeza kwangu ni ya kitu kinachomsaidia mgonjwa kuyavumilia matibabu. Hilo halinichukizi hata kidogo. Mgonjwa ambaye chembe nyeupe hazijashuka sana anapata dripu yake siku iliyopangwa, na mimi najua gharama ya dripu iliyoahirishwa. Lakini kuvumilia kemo na kuua saratani ni vitu viwili, na muuzaji anaviuza kwa neno moja.

Reishi nitaupitia haraka, ingawa ndio wenye jina kubwa kuliko wote. Wachina wanauita lingzhi. Ni mgumu kama ubao, unang'aa kama uliopakwa vanishi, na ukiuchemsha ni mchungu kweli. Uchungu huo unatoka kwenye triterpeni zake, zikiwemo asidi za ganoderi, na hizo tofauti na beta-glukani zinaweza kuua seli za saratani moja kwa moja. Kwenye sahani ya maabara, lakini. Tafiti nyingi za aina hiyo zinatumia seli ziitwazo A549. Zilichukuliwa mwaka 1972 kwenye uvimbe wa pafu la mwanamume wa miaka 58, na tangu wakati huo hazijaacha kugawanyika. Ziko kwenye majokofu ya maabara dunia nzima. Nimewahi kuzilea nilipokuwa mwanafunzi. Ni seli zisizo na mishipa ya damu, zisizo na ini la kuvunja dawa, zisizo na kinga inayozizunguka, zimelala chini ya kimiminika ambacho mtafiti anaweza kukizidishia dawa anavyotaka. Asidi za ganoderi huhitaji maikrogramu nyingi kwa mililita kuziua hapo. Kwenye damu ya mtu aliyemeza reishi, asidi hizohizo hupimwa kwa nanogramu, yaani sehemu ya elfu moja ya maikrogramu. Hata jiki inaua A549.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2012 kuhusu reishi na saratani yalipata majaribio 5 tu yaliyofaa, yenye watu 373. Waliotumia pamoja na kemo au mionzi walikuwa na uwezekano mara 1.5 wa uvimbe kupungua, ila makadirio ya chini yalishuka hadi 0.9, na 0.9 iko chini ya 1, ambayo maana yake ni kutofanya lolote. Waandishi wakasema hauwezi kuwa tiba ya kwanza, na wakaacha mlango wazi kwa matumizi ya pembeni. Mimi ningeandika hivyohivyo.

Sasa sehemu inayonifurahisha kama mfamasia, na ambayo sijawahi kuiona kwenye tangazo lolote la kapsuli.

Kuna jamii ya fangasi iitwayo Cordyceps, wanaoota juu ya wadudu; wanamuua kiwavi kisha wanachomoza kichwani mwake. Mwaka 1950 wanakemia walitenga kwenye Cordyceps militaris kitu walichokiita kodisepini. Kinafanana na adenosini, tofali la kawaida ambalo seli hutumia kujengea RNA, yaani nakala za maagizo yake ya kazi, isipokuwa kimekosa oksijeni moja mahali maalumu. Oksijeni hiyo ndiyo ya kuunganishia tofali linalofuata. Seli inakichukua ikidhani ni adenosini, inakibandika, na ujenzi unakwama hapo. Hii si habari ya kuamsha kinga. Ni dawa inayoingia ndani ya seli na kuharibu kazi, kama zilivyo dawa nyingi ninazochanganya.

Tatizo ni kwamba damu yetu ina kimeng'enya, adenosini diaminasi, kinachokivunja kodisepini ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ukimeza Cordyceps leo kwa nia ya kupata kodisepini kwenye uvimbe wa pafu, kinakufa njiani. Kwa miongo mingi habari iliishia hapo.

Kilichoifufua ni ufundi wa kemia uitwao ProTide, uliobuniwa na Chris McGuigan wa Cardiff: dawa inavalishwa vazi la kemikali linaloifikisha ndani ya seli ikiwa imeshaandaliwa, bila kupitia milango ya kawaida na bila kimeng'enya kuigusa. Ufundi huohuo umo kwenye sofosbuvir ya homa ya ini. Kampuni ya NuCana pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford waliivalisha kodisepini vazi hilo, ikaitwa NUC-7738, na mwaka 2021 walichapisha kwamba kwenye seli za saratani ilikuwa na nguvu hadi mara 40 kuliko kodisepini asilia. Majaribio kwa binadamu wenye saratani zilizosambaa yalishaanza mwaka 2019. Inaingia kwa dripu, kwa dozi iliyopimwa, na damu ya mgonjwa inachunguzwa. Haifanani tena na uyoga kwa lolote isipokuwa nasaba. Hapo ndipo mimi ninapoona matumaini, kwa sababu ndiyo njia ileile iliyopitiwa na gome la Taxus kabla halijafika kwenye kabati langu.

Njia hiyo, hata hivyo, haina huruma. Uyoga mwingine, Omphalotus, ni wa sumu. Mtu akiula anatapika vibaya. Ndani yake mna iludini, sumu kali kwa seli, na wanakemia waliirekebisha wakapata irofulveni. Ilifika mbali, ikajaribiwa hata kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokuwa wameshindwa na matibabu mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na haikuonyesha nguvu ya kutosha kuendelea nayo. Basi, ikawekwa pembeni. Ninaitaja kwa sababu watu huniambia kampuni za dawa zinauficha uyoga. Hawakuuficha. Waliuchukua, wakaujaribu kwa pesa nyingi, ukashindwa.

Turudi kwenye chupa. Lebo ilisema “polisakaridi asilimia 40”. Nilimwomba binamu yangu afungue kapsuli moja, amwage unga kwenye kisahani cheupe, nikadondosha tone la iodini, ileile ya kusafishia vidonda. Unga ukageuka bluu iliyokaribia kuwa nyeusi, papo hapo, mbele ya macho yake. Rangi hiyo ni ya wanga. Beta-glukani haifanyi hivyo.

“Dada,” akasema, “kwa hiyo nimenunua unga?”

Nilijitahidi kuwa mwaminifu kwake. Tone la iodini halithibitishi kwamba hakuna uyoga mle. Linaonyesha kwamba kuna wanga, na kwamba asilimia 40 ya lebo huenda imehesabiwa pamoja nao, kwa sababu wanga nao ni polisakaridi. Watengenezaji wengi hawasubiri uyoga uchomoze. Wanakuza nyuzi zake juu ya nafaka, kisha wanasaga vyote pamoja, nyuzi na nafaka. Lebo haijasema uongo, na bado hujui umenunua nini. Mwaka 2017 watafiti walipima bidhaa za reishi zilizonunuliwa Marekani, jumla ya aina 19. Zilizolingana na maandishi ya lebo zilikuwa 5.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda. Reishi nao unaweza kupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikamana. Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye pafu, ambaye siku nyingine makohozi yake yana michirizi ya damu, anayetumia dawa ya kuzuia kuganda, na ambaye kemo inamshushia chembe hizo hizo, sitaki aongezewe kitu cha tatu kinachosukuma upande uleule. Kwenye chupa kulikuwa pia na chaga, uyoga mweusi wa kwenye miti ya baridi, wenye oksaleti nyingi. Mwaka 2014 madaktari wa Japani walieleza habari ya mwanamke wa miaka 72 mwenye saratani ya ini aliyekuwa akila unga wa chaga kila siku kwa miezi sita. Figo zake zikajaa fuwele za oksaleti na kushindwa kazi. Sasa fikiria mtu yuko kwenye sisplatini, dawa ambayo sisi wenyewe tunaitoa pamoja na maji mengi ya dripu kwa kuogopea figo, na nyumbani anakoroga chaga asubuhi. Daktari ataona kipimo cha figo kimepanda, atalaumu sisplatini, atapunguza dozi ya dawa inayomsaidia, na chaga itaendelea.

Hilo hutokea kwa sababu wagonjwa hawasemi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninaokutana nao mimi hawafichi maradhi, wanaficha chupa. Wanaogopa kugombezwa. Na kusema kweli baadhi yetu tunagombeza, kisha tunashangaa kwa nini hatuambiwi.

Nilimpa baba mdogo namba moja zaidi, ile ya Skyler Johnson na wenzake wa Yale, ya mwaka 2018. Walifuatilia watu 281 wenye saratani ambazo bado zilitibika, waliochagua tiba mbadala peke yake, wakawalinganisha na waliotibiwa kwa njia za kawaida. Kwa saratani ya mapafu, baada ya miaka mitano walikuwa hai takriban asilimia 41 ya waliotibiwa, na asilimia 20 ya waliokataa. Si utafiti wa uyoga, na baba mdogo hajawahi kusema ataacha kemo. Lakini binamu yangu alikuwa ameanza kusema, kwa sauti ya chini, kwamba kemo inamchosha mzee.

Safari iliyofuata ya kliniki chupa ilikwenda na sisi. Daktari aliisoma lebo pande zote mbili, akauliza nani kaileta na kwa nini, bila ukali, akasema isimezwe maadamu dawa ya kuzuia damu kuganda inaendelea. Alisema pia kwamba shiitake iliyopikwa vizuri, kama chakula, mzee ale anavyopenda. Baba mdogo akafungua daftari akamuuliza kuhusu NUC-7738. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akacheka. Akamweleza kwamba kuingia kwenye jaribio kuna masharti yake, na kwamba kwa sasa dripu anayopata inafanya kazi: uvimbe haujakua kwenye picha ya mwisho.

Binamu yangu alimwandikia muuzaji kumuuliza kila kapsuli ina beta-glukani kiasi gani. Alijibiwa kwamba bidhaa inatibu magonjwa zaidi ya 100.

Kwangu imebaki kazi moja. Nyuma ya redio ya baba mdogo kuna chupa nyingine, ya majani, ambayo anadhani sijaiona.